Nadharia za Akili Anuwai na Kazi ya Mwalimu Darasani

Nadharia ya akili anuwai inasema kwamba mtu hana akili moja inayoweza kupimwa na kuandikwa kwa tarakimu moja. Ana akili kadhaa, na kila moja ina kazi yake, njia yake ya kukua na namna yake ya kudhoofika. Aliyeipa nadharia hii umbo lake ni Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, katika kitabu chake Frames of Mind kilichotoka mwaka 1983. Tangu wakati huo walimu wa nchi nyingi wameipokea kwa mikono miwili, huku wanasaikolojia wengi wanaoshughulika na upimaji wa akili wakiikataa. Mwalimu aliyesimama kati ya makundi hayo mawili anahitaji kujua ni sehemu ipi ya nadharia anayoweza kuiegemea anapoandaa somo, na ni sehemu ipi itakayompotosha.

Kabla ya Gardner, fikra iliyotawala ilikuwa ya akili moja. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alichunguza alama za wanafunzi na kugundua kwamba mtoto anayefanya vizuri katika somo moja, kwa wastani, hufanya vizuri katika mengine pia. Akahitimisha kwamba nyuma ya uwezo mbalimbali kuna uwezo wa jumla. Mwaka uliofuata, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mtihani wa kuwatambua watoto watakaohitaji msaada wa ziada shuleni. Lengo la Binet lilikuwa la kibinadamu: mtoto atambuliwe mapema ili asaidiwe, na alionya kwamba matokeo yasichukuliwe kuwa kipimo cha kudumu cha mtoto. Onyo hilo halikufuata mtihani ulipovuka bahari. Mjerumani William Stern alipendekeza mwaka 1912 kwamba umri wa kiakili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na Lewis Terman wa Stanford alipotoa toleo la Kimarekani mwaka 1916, kile kilichoanza kama chombo cha kusaidia kikawa chombo cha kuwapanga watu kwa madaraja.

Upinzani haukuanza na Gardner. Mwaka 1938 Louis Thurstone alidai kwamba matokeo ya mitihani hiyo yanaelezeka vyema zaidi kwa uwezo saba wa msingi, ukiwemo ufasaha wa maneno, hesabu, kumbukumbu na kuona maumbo. J. P. Guilford alikwenda mbali hadi kuorodhesha aina 120 za uwezo. Lakini wote hao walifanya kazi ndani ya ukumbi uleule wa mtihani: karatasi, kalamu na saa ya ukutani.

Gardner aliingia kwa mlango mwingine. Alikuwa akifanya utafiti katika hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Boston, miongoni mwa wagonjwa waliojeruhiwa ubongo au kupatwa na kiharusi. Huko aliona watu waliopoteza lugha lakini bado wakaweza kuimba, na wengine waliopotea njia ndani ya jengo wanalolijua ilhali mazungumzo yao hayakuwa na dosari. Wakati huohuo alikuwa akichunguza vipaji vya sanaa vya watoto. Mwaka 1979 wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi uligharimia mradi wa Harvard wa kuchunguza uwezo wa binadamu, na kitabu cha 1983 kilizaliwa humo. Mwanzoni mwake Gardner anamweka msomaji mbele ya vijana watatu: mmoja wa visiwa vya Caroline anayefunzwa ubaharia wa kusoma nyota na bahari, mwingine wa Irani aliyehifadhi Kurani, na wa tatu wa Paris anayetunga muziki kwa kompyuta. Wote watatu wamefikia kiwango cha juu katika jambo linalothaminiwa na jamii zao, na mtihani wa kawaida wa akili usingegusa umahiri wao hata kidogo. Ndiyo maana Gardner alieleza akili kuwa uwezo wa kutatua matatizo au kuunda vitu vyenye thamani katika jamii fulani.

Ili uwezo uitwe akili, aliuwekea vigezo vinane. Miongoni mwake ni kwamba uwezo huo uweze kuharibika peke yake ubongo unapojeruhiwa; wawepo watu wenye kipawa cha ajabu katika jambo hilo moja tu; uwe na historia yake ya kukua tangu utotoni; na uwe na alama zake za kujieleza, kama maandishi, noti za muziki au ramani. Kwa vigezo hivyo alipata akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya maumbo na nafasi, ya mwili na viungo, ya kuwaelewa watu wengine, na ya kujitambua. Katika miaka ya 1990 aliongeza ya nane, ya kutambua mimea, wanyama na mazingira. Ile ya maswali makuu ya maisha na kifo aliiacha mlangoni, akisema kwamba orodha yake ina akili nane na nusu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya orodha hiyo ni ileile ya Spearman. Uwezo wa mambo mbalimbali haujitengi kama nadharia inavyodai. John Carroll alichambua upya zaidi ya makundi 460 ya takwimu za mitihani ya akili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1993. Alichokiona ni ngazi tatu: uwezo mwingi mahususi chini, aina chache pana katikati, na uwezo wa jumla juu kabisa. Kwa picha hiyo watu hutofautiana kweli katika uwezo mahususi, jambo ambalo Gardner yuko sahihi kulisisitiza, lakini tofauti hizo hazifuti kile kinachoziunganisha. Mwaka 2006 Beth Visser na wenzake nchini Kanada waliwapa watu wazima 200 majaribio yaliyotungwa kwa kufuata orodha ya Gardner. Yale ya lugha, hesabu, maumbo na mazingira yalishikamana. Ya mwili na muziki yalijitenga zaidi. Isitoshe, ubongo hauna vyumba vilivyotengwa kwa kila akili. Kusoma sentensi moja kunaamsha sehemu za kuona, kusikia, kukumbuka na kutamka kwa pamoja.

Hoja nyingine inahusu jina. Wakosoaji huuliza kwa nini kucheza ngoma kwa ustadi kuitwe akili na si kipaji. Gardner mwenyewe amekiri kwamba kitabu kuhusu vipaji saba kisingevuta macho ya watu, na kwamba alilichagua neno hilo makusudi ili kupinga heshima inayotolewa kwa lugha na hesabu peke yake. Hapo alikuwa akitetea thamani zaidi ya kuthibitisha jambo la kisayansi. Utetezi huo ni wa haki. Shule inayompima mtoto kwa mambo mawili tu inawaacha nje watoto wengi wenye manufaa kwa jamii, na mtu anaweza kulikubali hilo bila kuamini kwamba ubongo umegawanyika mara nane.

Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Robert Sternberg, alichukua njia tofauti mwaka 1985. Badala ya kuhesabu nyanja, alitofautisha namna tatu za kutumia akili: kuchambua, kubuni, na kutenda katika mazingira halisi ya maisha. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kazi yake ina uzito wa pekee, kwani sehemu ya ushahidi wake ilipatikana hapa.

Katika kijiji cha Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, Sternberg, Elena Grigorenko, Frederick Okatcha na wenzao waliwapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Eneo hilo lina minyoo na maradhi mengine ya vimelea, na watoto huko hujifunza mapema dawa za mitishamba ambazo familia hutumia. Watafiti walitunga maswali kuhusu dawa hizo: mtoto ana dalili hizi, apewe nini, na kwa kipimo gani? Kisha waliwapa watoto haohao majaribio ya kawaida ya akili na msamiati. Kama akili moja ndiyo inayobeba kila kitu, mtoto anayejua dawa vizuri angetarajiwa kupata alama za juu kote. Haikuwa hivyo. Ujuzi wa dawa haukwenda pamoja na alama za kitaaluma, na mbele ya mtihani wa msamiati wa Kiingereza ulielekea upande wa kinyume. Maelezo ya watafiti ni kwamba familia hazigawi muda wa mtoto kwa namna moja. Nyingine huwekeza katika shule, nyingine katika elimu ya nyumbani na kijijini, na mtoto hukua kuelekea kule anakosukumwa.

Utafiti mwingine wa kundi hilo uliwauliza Wajaluo wenyewe mtu mwenye akili ni wa namna gani. Majibu yalikusanyika katika mambo manne: maarifa na ujuzi, heshima na uwajibikaji, kufikiri na kuanzisha jambo, na kuelewa namna ya kukabili shida za kila siku. Ni la kwanza tu lililofungamana na matokeo ya shule. Mzazi anayesema mwanawe ana akili kwa sababu hutumwa na kurudi na jambo limekamilika hazungumzi kwa kukosea. Anapima kitu ambacho karatasi ya mtihani haikiulizi.

Ushahidi wa pili unapatikana katika kazi ya mwanasaikolojia Robert Serpell nchini Zambia. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kunakili maumbo. Watoto wa Uingereza waliwashinda wenzao walipotumia kalamu na karatasi. Zilipoletwa waya, watoto wa Lusaka, waliozoea kutengeneza magari ya waya mitaani, ndio walioshinda. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti. Kazi ya akili ilikuwa ileile: kuliona umbo na kulitoa upya. Kilichobadilika ni kitu kilichoshikwa mkononi. Tokeo hilo linaibana nadharia ya Gardner kama linavyoibana ile ya akili moja. Mwalimu ambaye angeona kazi ya kalamu tu angesema watoto wa Lusaka ni dhaifu katika maumbo na nafasi, na ambaye angeona waya tu angesema hivyo kuhusu wa Manchester. Wote wawili wangekuwa wameupa uzoefu wa mtoto jina la maumbile.

Ushahidi wa tatu unatoka maeneo ya Bagamoyo nchini Tanzania. Huko watoto wa shule za msingi zaidi ya 450 walipewa majaribio ya kupanga vitu kwa makundi, kufikia hitimisho kutokana na maelezo, na kuuliza maswali ya kubaini jambo lililofichwa. Baada ya jaribio la kwanza, wengi wao walifundishwa kwa muda usiofika saa moja mbinu za kazi zenyewe, kisha wakapimwa tena. Alama za waliofundishwa zilipanda kuliko za wale ambao hawakufundishwa. Lenye maana zaidi ni kwamba mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ulibadilika sana miongoni mwa waliofundishwa. Alama ya kwanza, ambayo mfumo wa kawaida ungeiandika kwenye ripoti na kuifunga, ilisema machache sana kuhusu mtoto angeweza kufika wapi baada ya kuelekezwa kidogo.

Tafiti hizi tatu ndizo zinazompa mwalimu jambo la kushika. Hazithibitishi akili nane wala tatu. Zinaonyesha kwamba uwezo unaoonekana darasani ni sehemu tu ya uwezo uliopo, na kwamba sehemu inayoonekana hutegemea kifaa, lugha, mazoea na namna swali lilivyoulizwa.

Kosa lililoenea zaidi katika kuitumia nadharia ya Gardner limetokana na kuichanganya na kitu kingine: mitindo ya kujifunza. Imani ya mitindo husema kwamba mtoto fulani hujifunza kwa kuona, mwingine kwa kusikia, mwingine kwa kugusa, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo na kuuliza swali moja: je, wanafunzi hufaulu zaidi wanapofundishwa kwa mtindo unaodaiwa kuwa wao? Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha utaratibu huo shuleni. Hata hivyo imani haikupungua. Uchunguzi wa mwaka 2012 miongoni mwa walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi ulikuta zaidi ya asilimia 90 wakiiamini. Gardner mwenyewe amejitenga nayo zaidi ya mara moja. Mtindo ni namna mtu anavyopendelea kukabili kila jambo. Akili, kwa maana yake, ni nguvu ya kushughulikia jambo la aina fulani. Mwaka 1995 alilalamika pia kuhusu madarasa ambako watoto huchezeshwa viungo au kuwekewa muziki wakati wa somo, kisha walimu wakadai wanatekeleza nadharia yake. Kuimba jedwali la kuzidisha husaidia kumbukumbu, na ni njia nzuri ya zamani, lakini mtoto anayeimba saba mara nane hajifunzi muziki wala hajaelewa kuzidisha kwa sababu ya wimbo.

Kosa la hatari zaidi ni kumbandika mtoto jina. Mwalimu anayemwita mwanafunzi wa darasa la tatu kuwa ni wa akili ya mwili amekwisha kumpunguzia vitabu. Nchini Australia katika miaka ya 1990 ulianzishwa mpango wa elimu ulioorodhesha makabila na mataifa pamoja na akili ambazo kila kundi lilidhaniwa kuwa nazo na kukosa. Gardner alijitokeza kwenye televisheni ya huko kuukana, na mpango ukafutwa. Katika nchi ambako majina ya makabila bado hutumika kueleza nani anafaa kwa biashara, nani kwa mbio na nani kwa vitabu, tukio hilo halipaswi kusahaulika.

Basi matumizi yanayosimama ni yapi? La kwanza ni kuleta wazo moja kwa njia nyingi, kwa darasa zima. Sehemu katika hisabati ni mfano mwema kwa sababu ndipo watoto wengi huanza kuichukia hisabati. Mwalimu anaweza kukunja karatasi ili robo na thuluthi zionekane, kugawa chungwa, kuchora mstari wa namba, kupiga makofi ya mapigo manne yanayogawanyika kuwa manane, na kusimulia ugawaji wa shamba kati ya ndugu watatu. Hayo hayafanywi ili mtoto wa maumbo apate karatasi na mtoto wa muziki apate makofi. Kila mtoto anapita kote. Karatasi inaonyesha kwamba vipande vya sehemu lazima vilingane, jambo ambalo chungwa halionyeshi vizuri. Mstari wa namba unaonyesha kwamba robo tatu ni namba yenye mahali pake, jambo ambalo karatasi inaficha. Uelewa unakua pale mtoto anapoweza kutoka njia moja kwenda nyingine na kusema kwa nini zote ni jambo lilelile. Dai hili lina ushahidi hata nje ya nadharia ya Gardner: kazi ya Allan Paivio tangu miaka ya 1970 imeonyesha kwamba maneno yanayoambatana na picha hukumbukwa vizuri zaidi kuliko maneno peke yake, na hili huwahusu watu kwa jumla.

Kipimo cha njia kuwa halali ni maudhui yenyewe. Njia ikiwa inabeba muundo wa wazo, inafaa. Ikiwa inapamba tu, inakula muda. Katika darasa la wanafunzi 80 muda ni mali adimu kuliko chaki, na hakuna mwalimu awezaye kuandaa shughuli nane kwa kila kipindi. Njia mbili au tatu zilizochaguliwa kwa sababu zinatosha. Vifaa pia si kikwazo kikubwa kama inavyosemwa: waya, udongo, mbegu, vizibo vya chupa na kamba vinapatikana karibu kila mahali, na utafiti wa Lusaka unaonyesha kwamba ni vifaa vya kufikiria sawa na kalamu.

La pili ni kuanza na kile ambacho watoto wanakijua. Mtoto wa Usenge anayejua mti upi unatuliza tumbo tayari anaainisha mimea kwa majani, harufu na matumizi. Somo la sayansi linaloanzia hapo lina ngazi ya kupandia, kisha lazima lipande: kipimo, jaribio la kulinganisha, sababu ya dawa moja kufaa na nyingine kudhuru. Ujuzi wa nyumbani ukisifiwa bila kuendelezwa, mtoto hubaki pale alipokuwa.

La tatu ni upimaji. Kinachopimwa ndicho kinachofundishwa, na shule nyingi zilizojaribu nadharia hii zilikwama hapo. Shule ya Key mjini Indianapolis, iliyoanzishwa mwaka 1987 na walimu walioongozwa na Patricia Bolaños, ilifundisha muziki, sanaa na mazoezi ya mwili kwa uzito sawa na hesabu na kusoma, na kila mtoto aliwasilisha miradi iliyorekodiwa kwa video. Ilidumu hadi mwaka 2016, lakini ilifanya kazi ndani ya jimbo lililoendelea kuhukumu shule kwa mitihani ya kawaida. Kwa upande wa Sternberg, majaribio madogo ya miaka ya 1990 yalitia matumaini kwamba kufundisha kwa kuchambua, kubuni na kutenda huinua matokeo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, wenye wanafunzi zaidi ya 7,000 wa darasa la nne nchini Marekani, haukuonyesha faida ya wazi juu ya mbinu nyingine nzuri. Mafanikio ya darasa dogo lenye walimu wenye ari hayahamishiki kirahisi kwenye mfumo mzima.

Kenya inalijaribu jambo hili kwa upana wa taifa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umeondoa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kuingiza miradi na tathmini za shuleni zinazomweka mwanafunzi katika viwango kutoka kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio. Katika sekondari ya juu mwanafunzi huelekezwa kwenye mojawapo ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Tanzania nayo, katika mtaala unaotekelezwa tangu 2024, imetenganisha mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mipango yote miwili inakubali kwamba watoto hawafanani na kwamba ustadi wa mikono au wa jukwaani una hadhi yake. Hilo ni jema na lilichelewa.

Lakini mkondo ni uamuzi kuhusu mtu, na hapo tafiti za Bagamoyo na Lusaka zina neno. Mtoto asiyewahi kuona maabara hawezi kuonyesha kama anaweza sayansi, na asiyewahi kushika ala hawezi kuonyesha kama ana muziki. Akipelekwa sanaa kwa sababu shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia, kinachopimwa ni shule. Ili upangaji uwe wa haki, tathmini inahitaji kufanywa zaidi ya mara moja, kwa zaidi ya kifaa kimoja na baada ya mafunzo halisi. Mlango wa kubadili mkondo unahitaji kubaki wazi kwa angalau mwaka wa kwanza. Na lugha na hesabu haziwezi kulegezwa katika mkondo wowote, kwa kuwa fundi seremala husoma michoro na kukadiria gharama, na mwanamuziki hutia saini mikataba.

Kwa mwalimu mmoja darasani hatua inayowezekana bila kusubiri wizara ni daftari la uchunguzi: kuandika, kwa wanafunzi wachache kila wiki, kile mtoto alichofanya, kwa kifaa gani, kwa msaada kiasi gani, na nini kilibadilika alipopewa njia nyingine. Daftari kama hilo likijazwa kwa muhula mzima huonyesha mabadiliko ambayo alama ya mwisho wa muhula haiyaonyeshi, na humpa mzazi na mshauri wa masomo taarifa ya kuanzia siku ya kuchagua mkondo inapofika.